Mama Agar Maliro na Mahindi Yaliyoliwa na Nyani

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Agar Maliro anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya fidia kwa miaka ishirini na sita, kwanza Butembo, kisha Beni. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye shamba lililovamiwa na wanyama wa porini, kulipima kwa kamba yenye mafundo, na kuamua mwenye shamba apewe magunia mangapi ya mahindi. Pikipiki tatu zilimchakalia njiani. Yeye mwenyewe bado.

Kumdanganya ilikuwa kazi. Mwaka 2016, wakulima kumi na wawili wa kijiji kimoja nje ya Beni waliapa kwamba tembo amewamalizia mahindi. Mama Agar akaokota gunzi, akaligeuzageuza, akauliza kwa upole ni lini tembo alijifunza kumenya. Hata mchungaji, aliyekuwa wa tatu katika orodha ya walalamikaji, alicheka mpaka akakaa chini. Wote walijua ni nyani. Walijua pia kwamba kanuni zetu zilifidia hasara ya tembo na nyati tu.

Mtu mmoja kijijini, mjane Godelive, alikuwa ameandikisha nyani tangu mwanzo. Shamba lake lote lilikwisha, na alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Akatoka mikono mitupu, sawasawa na wale waongo. Akamwambia Mama Agar: "Donc, yaani kusema kweli ni hasara ya pili. Na ile utaipima na kamba gani?"

Maneno hayo yalimuuma. Kesho yake aliwaandikia wakubwa barua, akiomba nyani naye aingizwe kwenye kanuni. Akaandika kila mwaka, barua tisa, hata tukaanza kumwita Wakili wa Nyani, naye akaitika. Mkubwa mmoja alimshauri apumzike; yeye akamwomba bahasha ya barua inayofuata.

Machi mwaka huu jibu lilikuja: nyani ameingia. Tulidhani mashauri ya zamani yamekufa. Mama Agar akalifufua la Godelive, akakaa mlangoni kwa wakubwa siku mbili mpaka likatiwa sahihi. Magunia sita yaliposhushwa, Godelive alilia, na Mama Agar naye akalia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mama Agar, aksanti sana. Unakwenda kulima viazi Lubero, kwenye baridi unayoipenda. Tunakuombea afya, mavuno mengi na usingizi wa kutosha. Wanyama wakikuvamia, tuandikie jina la mnyama tu. Tutakuamini.