Mwalimu Kasmiri na Ile "Ga" Yetu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, iwe Musoma, Bunda au Butiama. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza. Walionisimulia habari zake wamechoka, na mniwie radhi kama mtausikia uchovu huo hata katika sauti yangu.

Jumanne iliyopita mama mmoja aliingia hapa studio bila miadi. Hakuna aliyemfahamu. Sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini, ametoka moja kwa moja kwenye boti. Nilimwamkia, nikampa kiti. Akakataa.

"Nikikaa nitasinzia," alisema. "Mnatangazaga wafu hapa?"

"Tunatangaza, mama."

"Basi mtangazeni Mwalimu Kasmiri. Alinifundisha Kiingereza. Nafikiri mimi ndiye niliyemmaliza."

Mama huyo ni Gaudensia Masanja, muuza dagaa wa kisiwa cha Rukuba. Mwalimu aliyemtaja ni Kasmiri Mugeta. Alizaliwa Butiama. Alifundisha Kiingereza katika shule za msingi za Bunda kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akaja kuishi Musoma. Amefariki akiwa na miaka sabini na miwili. Narudia kwa waliochelewa: Mwalimu Kasmiri Mugeta, mzaliwa wa Butiama, mwalimu wa Bunda.

Dada yake, Bibi Matrida, bado yuko Butiama. Anaukumbuka utoto wao.

"Alichapwaga kwa ajili ya ga," aliniambia. "Sisi huku si tunasema naendaga, nakulaga? Mwalimu wao hakuwa mtu wa huku. Akisikia ga, fimbo. Kasmiri akirudi nyumbani ananiambia, dada, leo nimekula ga tatu."

Miaka ikapita. Kasmiri naye akawa mwalimu, na wanafunzi wake wa Bunda wakawa wanaandika "I am go to school." Anasahihisha, wanarudia. Walikuwa wanasikia "na" katikati ya "ninaenda", wakaona lazima nayo ipewe neno lake la Kiingereza. Wakaipa "am".

Siku moja akaandika ubaoni sentensi mbili. "Baba anavua." "Baba anavuaga." Akauliza, yupi yuko ziwani sasa hivi? Darasa zima likajibu: wa kwanza. Na huyu wa pili?

"Huyo ni kazi yake, mwalimu, hata kama sasa hivi amelala!"

Basi, akawaambia, wa kwanza ni "Father is fishing." Wa pili ni "Father fishes." Penye ga, usiweke "am" wala "is". Kitenzi kinasimama chenyewe, na kama mtendaji ni mtu mmoja anayesemwa, unakipa "s" mwishoni. Wasikilizaji, ga aliyochapiwa ndiyo aliyofundishia.

Alipostaafu hakupumzika. Kila Jumamosi jioni, biashara ikishapoa pale soko la Mwigobero, hapa Musoma, akina mama walikaa juu ya magunia ya dagaa, naye akafundisha akiwa amesimama. Siku moja Gaudensia alinyanyuka akasema kwa sauti, "My husband, she fishes."

"Eti she!" rafiki yake Tereza akapiga makofi. "Kumbe wewe Gaudensia ndiye uliyeoa!"

Wakacheka wote. Mwalimu hakucheka. "'Fishes' umepatia, mama," alisema. "Huyo mume tutamrekebisha baadaye."

Gaudensia alikuwa na jambo moja moyoni. Alitaka kusomea uuguzi. Chuo kilimwambia arudi akiwa amefaulu Kiingereza cha kidato cha nne. Alikuwa ameufanya mtihani huo mara mbili, na ameanguka mara mbili. Ana miaka thelathini na minane. "Nikianguka tena, sirudii," alimwambia mwalimu. "Nimechoka." Mwalimu akamwahidi: kabla ya mtihani tutaimaliza sarufi yote.

Ilibaki mada moja tu, namna ya kuuliza maswali. Hapo mapafu ya mwalimu yakashindwa. Binti yake Marcelina alimchukua akamuuguze kwake Bunda. Daktari akamkataza kuongea sana.

"Mwalimu wa lugha anaambiwa asiongee," Marcelina alinisimulia. "Baba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikamwambia, baba, tumtumie huyo mama meseji. Akasema meseji haitamsikia akikosea."

Akampigia simu. Siku tisa baadaye akafariki. Gaudensia mtihani ameufanya, matokeo hayajatoka, na tangu mazishi anahesabu siku hizo tisa.

Nilimuuliza Marcelina kama kweli simu ile ndiyo iliyommaliza baba yake.

"Mwambie ni ugonjwa. Daktari alishatuambia tangu mwezi wa nane. Mwambie pia kwamba nilimkasirikia, nisimdanganye. Sasa hivi sina hata nguvu ya kumkasirikia mtu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Marcelina. Tunampa pole Bibi Matrida na ukoo wote wa Mugeta kule Butiama, na akina mama wa Mwigobero. Mama Gaudensia, kama unatusikia huko Rukuba, pole nawe, na jibu la Marcelina umelisikia. Sisi wengine tujiulize: ni watoto wangapi tunawanyamazisha kwa sababu wanaongea kama wanavyoongea kwao? Mimi naamini tunaweza kuacha. Naamini kabisa.

Namalizia na ile simu, kama Marcelina alivyoishuhudia na Gaudensia alivyonisimulia. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya mtihani.

"Unauliza, 'Does he fish?'" mwalimu alisema, akapumzika. "Ile 's' ni moja tu, mama. Ikihamia kwa 'does', kwa 'fish' haibaki. Sema."

"Does he fishes?"

Akakohoa kwa muda mrefu. Marcelina akanyoosha mkono aichukue simu. Baba yake akamgeuzia bega.

"Tena."

Alikosea mara saba. Kila mara mwalimu alivuta pumzi, akasema, "Tena." Mara ya nane Gaudensia akasema taratibu, "Does he fish?"

Kukawa kimya. Gaudensia akadhani mtandao umekata.

"Mwalimu? Mwalimu, upo?"

"Nipo," alijibu, kwa sauti ndogo sana. "Nilisema tutamaliza. Tumemaliza."