Baba Isabela na Kanuni ya Mkono wa Jirani

Naanza kwa kuomba radhi. Kuandika habari za Mzee Silvano Nammole kwa ajili ya jarida letu niliagizwa na ofisi wiki ya Pasaka, na leo ni Alhamisi, sherehe ya kumwaga ni Jumatatu. Nimechelewa sana, najua. Isaka wangu anaota meno, na kila nikishika kalamu yeye anashika karatasi. Ukurasa wa kwanza aliutafuna. Huu nimeuandika akiwa mgongoni, kwa hiyo mkiona mstari umepinda msinilaumu peke yangu.

Mzee Silvano, ambaye wengi wetu tunamwita Baba Isabela kwa jina la binti yake wa kwanza, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Bustani ya Michezo ya Tuchangamke, hapa Masasi mjini, kwa miaka ishirini na saba. Alianza tarehe 1 Julai 1998, na aliitwa kwa kazi ya wiki mbili tu.

Yeye ni mzaliwa wa Chilangala, kule Newala. Ujuzi wa kuchomelea vyuma aliupatia Ndanda, na marehemu Mzee Khalidi, mwanzilishi wa bustani hii, alimchukua aje kuunganisha bembea nne za kwanza. Alipomaliza bembea akaona ngazi ya kutelezea inayumba, akaishika. Alipomaliza ngazi, geti likagoma kufunga. Ndivyo wiki mbili zilivyofika miaka ishirini na saba. Bi Somoe wa dirisha la tiketi, ambaye ni Myao na mtani wake, hamwachi hadi leo: "Mmakonde ukimpa kiti, hanyanyuki!" Naye humjibu bila kugeuka: "Na Myao ukimpa dirisha, mdomo haufungi." Nimeyasikia hayo kila asubuhi kwa miaka minne, na asubuhi yasiposemwa naona kama kazi haijaanza.

Lakini kilichompa sifa Baba Isabela si bembea. Ni Chumba cha Safari.

Kwa ambao hawajawahi kukipanda: ni chumba cha bati kilichosimama juu ya miguu ya chuma, ndani kuna viti kumi na viwili na skrini kubwa. Mlango ukifungwa, picha inaanza, na viti vinakwenda nayo. Treni ikishuka mlima kwenye skrini, kiti nacho kinainama. Unakimbia dunia nzima na hujatoka Masasi. Kililetwa mwaka 2014 kwa lori kutoka Dar es Salaam, kikiwa kimeshatumika huko, na siku ya uzinduzi watu kumi na wawili waliingia wakishangilia. Saba walitoka wakitapika.

Wengine waliona ndiyo raha yenyewe. Ilifika mahali mtu asiyetapika anasema tiketi yake imeliwa bure. Baba Isabela hakucheka. Alisema mtu anavaa nguo nzuri, anawachukua watoto wake, anakuja kwetu kufurahi, kisha sisi tunamrudisha nyumbani mgonjwa? Akaomba siku tatu.

Siku hizo tatu alipanda mwenyewe, kiti kimoja baada ya kingine, mara tatu kila kiti. Safari thelathini na sita, na daftari mapajani. Daftari hilo nimeliona: mwandiko wa kurasa za mwanzo unatambaa kama konokono mlevi. Aliandika kwamba viti vya pembeni vinarusha kuliko vya katikati, kwa hiyo watoto na wazee wakae katikati. Aliandika kwamba joto la mle ndani ni nusu ya ugonjwa, akaomba feni mbili. Harufu ya mafuta ya chipsi kutoka banda la jirani aliiita nusu ya pili, na banda likahamishiwa upande wa pili wa geti. Kubwa kuliko yote, aligundua kwamba kiti kilikuwa kinainama kabla picha haijafika kwenye kona. Fundi aliyeitwa alibisha, akakalishwa kiti namba nane, kinachorusha kuliko vyote, akatoka ameshika ukuta, akarekebisha.

Maelezo yake kuhusu ugonjwa huu sijayasikia kwa mtu mwingine yeyote: "Macho yanasema tunakimbia, tumbo linasema tumekaa. Wawili hao wakigombana, anayeaibika ni mdomo." Ndiyo maana huwaambia abiria wakizidiwa wafumbe macho, ugomvi uishe.

Aliweka pia sheria ya mapumziko. Aliyetoka Newala siku hiyo hiyo hapandi mpaka akae nusu saa benchini, anywe maji yenye ndimu, maana kona za kushuka kutoka juu kule zimeshamtikisa vya kutosha. Watu wa Newala walikuja juu: "Sisi tumezaliwa kwenye kona hizo!" Akawajibu, "Hata mimi. Kaeni."

Basi tuje kwenye kosa lake, maana mwenyewe ameniambia nisipoliandika hatasoma.

Kanuni ya kwanza ilikuwa rahisi: ukijisikia vibaya, nyoosha mkono. Yeye yuko nje, kwenye kioo cha kuchungulia ndani, mkono kwenye kitufe chekundu, anasimamisha. Ilifanya kazi vizuri mpaka Septemba ya mwaka 2017, walipoletwa vijana kumi na wawili waliotoka jandoni. Mnajua wanavyotoka: mashati mapya, miwani myeusi, wajomba na shangazi nyuma yao na ngoma. Waliingia wote, mlango ukafungwa. Baba Isabela akatazama kwenye kioo. Aliona mapaji yanatoa jasho. Aliona midomo imekuwa ya kijivu. Alisubiri mkono. Hakuna aliyenyoosha hata kidole.

Dakika tatu baadaye mlango ulifunguliwa, na mashati mapya kumi na mawili yalikuwa yameharibika. Shangazi walipiga kelele kwa uchungu wa mashati. Wajomba walipiga makofi, maana hakuna aliyeomba kushushwa.

Baba Isabela hakula mchana ule. Bi Somoe anasema alimkuta amekaa kwenye ngazi za chumba, naye mzee akamwambia, "Wale wametoka kufundishwa kuvumilia, mimi nawauliza nani ameshindwa. Nimewauliza swali ambalo wamefundishwa wasilijibu."

Kundi la wiki iliyofuata lilikuta kanuni mpya. Hakuna kujinyooshea mkono. Kila mmoja anamlinda aliyekaa kulia kwake, na wa mwisho wa mstari anamlinda wa kwanza. Ukiona jasho kwenye paji la uso la jirani, ukiona kanyamaza ghafla, wewe ndiye unayenyoosha. Hakuna aliyeshindwa hapo. Kuna mlinzi aliyefanya kazi yake. Safari ya kwanza ilisimama mara tano, kwa kuwa vijana walishindana kulinda. Mmoja alinyoosha kwa sababu jirani yake amepiga chafya! Ila wote walitoka wasafi, kila mmoja akijidai kwamba amemwokoa mwenzake. Tangu siku hiyo inaitwa Kanuni ya Mkono wa Jirani.

Ubaoni kwetu huandikwa kwa chaki siku kavu, yaani siku ambayo hakuna aliyetapika. Mwaka wa kwanza zilikuwa kumi na nne. Mwaka jana zilikuwa mia mbili na themanini na tisa. Mimi niliajiriwa kushika ndoo na dekio, kwa hiyo hesabu hiyo msiibishie. Nina ushahidi wa mgongo.

Niseme mawili yangu, kisha ninyamaze. Mwaka niliofika hapa, siku ya wafanyakazi kupanda bure, alinizuia mlangoni. Alisema mkanda wa kiti changu umekatika, nipande siku nyingine. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nilikuja kufuta viti, nikakuta mkanda mzima kabisa. Gift, mwanangu wa kwanza, alikuwa tumboni wakati huo na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu kule Lulindi. Yeye alikuwa ameona, na mjamzito hapandishwi. Aliusingizia mkanda ili siri yangu isitajwe mbele ya watu.

La pili ni la mwezi Machi mwaka huu. Isaka alikuwa hajalala siku tatu, kwa hiyo na mimi. Nilikuwa nadeki mlangoni, nadhani ni sehemu ileile kwa mara ya nne. Nikainua macho, nikamwona Baba Isabela amesimama ng'ambo ya uwanja, amenyoosha mkono juu, ananitazama. Bi Somoe akatoka dirishani, akaninyang'anya dekio. "Mama Gift, jirani yako amenyoosha. Nenda kalale." Nililala kwenye benchi la chumba cha tiketi hadi saa nane mchana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili nalisema kwa heshima na nalisema wazi. Kuanzia Jumanne, tarehe 1 Julai, kiti cha kwenye kioo ni changu. Baba Isabela amenifundisha mitambo kwa miezi sita, na ofisi imekubali. Meneja Faridi, mtoto wa marehemu Mzee Khalidi, ni kaka yangu kiumri na ametununulia filamu mpya ya dakika sita, nzuri sana. Lakini amependekeza pia kwamba Mkono wa Jirani uondolewe, kwa sababu kusimamisha kunachelewesha foleni, na msimu wa korosho ukifika foleni itafika barabarani.

Ijumaa kabla Baba Isabela hajaenda likizo tuliijaribu filamu hiyo. Meneja alikaa kiti namba nane, kwa hiari yake. Baba Isabela alikaa kushoto kwake. Mimi nilikuwa kwenye kioo. Dakika ya nne Meneja alikuwa ananyamaza namna ile. Mkono wake ulikuwa umeshika kiti. Mkono ulionyooka ulikuwa wa Baba Isabela, na nikabonyeza.

Meneja alitoka, akanywa maji ya ndimu glasi mbili, akasema, "Sikuwa na shida yoyote." Bi Somoe akamtazama juu mpaka chini. "Hata shati halina shida, bosi. Lishukuru mkono wa Mmakonde." Tulicheka mpaka mwenyewe akacheka. Akasema atalifikiria. Hiyo ilikuwa tarehe 13, na bado anafikiria.

Baba Isabela, tunakushukuru kwa bembea ambazo hazijawahi kuangusha mtoto, kwa feni, kwa ndimu, na kwa mashati yote yaliyorudi nyumbani safi bila wenyewe kujua ni kwa sababu yako. Mama Isabela, ahsante kwa kutuazima mzee miaka yote hii. Korosho zenu za Chilangala na zizae mpaka matawi yaombe msaada, miguu ipumzike, na usikose jirani wa kukunyooshea mkono kila siku ya maisha yako. Shikamoo, baba.

Kwa kuwa uko likizo huko tangu tarehe 16, na mambo mengine uliyaondokea kwa haraka, tafadhali uje nayo Jumatatu au umpe yeyote anayeshuka: daftari lenye maelezo ya viti kumi na viwili, ufunguo mdogo wa sanduku la swichi, nadhani umo kwenye koti lako la kaki, mto wa kile kiti cha kwenye kioo, ule alioushona Mama Isabela, maana kiti bila huo ni kigumu kama mizizi ya ming'oko mibichi, na miche miwili ya ndimu uliyoniahidi.

Na kwa Meneja Faridi nahitaji kitu kimoja tu: sahihi, kwenye tangazo la kuubakisha Mkono wa Jirani nililoacha mezani kwako. Kalamu nimeifunga kwa uzi ili Isaka asiifikie. Jumanne saa tatu asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti, na nikiliona tangazo limesainiwa nitawasha.

Priska, Mama Gift