Bi Eufrosina na Miche ya Vichakani

Ifikapo Juni 28, Bi Eufrosina Garduño atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika kitalu cha miti cha Agua Mansa, na siku hiyohiyo atastaafu. Alianza kwa kubeba udongo wa msituni mgongoni. Akajaza viriba, akasia mbegu, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa miche yote ya oyameli, mti wetu wa milimani unaopenda baridi, lakini ukiwa mchanga huuawa na jalidi, ule umande unaoganda usiku.

Wenzake tunamjua kwa mengi. Hajawahi kuvaa glavu. Miche iliyodumaa huikaripia kama wajukuu: "Wewe, wenzako wanakwenda shule, wewe bado unanyonya?" Saa ya chakula tortila zake, chapati nyembamba za mahindi ya bluu, huzunguka meza nzima, na anayedai pilipili yake haiwashi hutokwa machozi kabla hajamaliza kudai.

Lakini nimeomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya jambo la miaka ishirini na mitatu iliyopita. Sitalificha, maana aliyekosea ni mimi. Nilikuwa mhandisi mpya wa misitu, nimetoka chuoni na viatu vinang'aa. Tulikuwa na miche elfu nne ya kupanda kwenye mteremko ulioungua. Nikaagiza vichaka vyote vifyekwe, visije vikainyang'anya miche maji.

"Mwanangu mhandisi," aliniambia mbele ya kikosi kizima, "ukifyeka hivyo utaiacha miche uchi. Hivyo vichaka ndivyo blanketi lake."

"Mama, hayo mambo ya zamani."

"Jalidi nayo ni ya zamani. Mbona bado inaua?"

Watu walicheka. Nilikasirika, nikamwondoa kwenye upandaji, nikampeleka kuosha ndoo. Aliomba tu ile miche mia mbili tuliyoitupa kwa udogo wake. Nikamwambia achukue, ni takataka.

Januari jalidi ilishuka siku tisa mfululizo. Nilipopanda mlimani, miche yangu yote elfu nne ilikuwa myekundu kama kutu. Nilikaa chini nikalia.

Bi Eufrosina alinikuta hapo. Nilitarajia masimango. Badala yake alinishika mkono, akaniongoza hadi ukingoni mwa mteremko, mahali ambapo mapanga hayakufika. Akapiga magoti, akatenganisha matawi ya kichaka kwa vidole. Chini yake palikuwa na mche, mbichi kabisa, una tone la maji kwenye ncha. Akafunua kichaka cha pili. Cha tatu. Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikuwa akipanda huko ile miche iliyotupwa. Niliihesabu mwenyewe: mia moja themanini na mmoja, yote hai. Nilivua kofia kama niliyeingia kanisani.

"Haya, futa machozi," alisema. "Tuna mbegu za kusia."

Tangu hapo hakuna mche uliotoka kitaluni kwetu bila kutafutiwa kichaka chake. Zaidi ya laki tatu imepita mikononi mwake, na vijiji jirani hutuma watu waje kumtazama tu anavyochagua kivuli.

Mwezi uliopita tulimpandisha kule ukingoni. Miche ya Jumapili sasa ni msitu. Tulitazama juu hadi shingo zikauma. Vile vichaka vimekwisha kufa, vimefunikwa na kivuli cha miti viliyoilea. Bi Eufrosina aliweka kiganja kwenye shina moja, hakukiondoa kwa muda mrefu.

"Msitu huu haunihitaji tena," alisema, naye anatabasamu.

Sisi bado tunakuhitaji, mama, ila tutajikaza. Asante kwa kila mche, na asante kwa kunivumilia. Nenda ukapumzike, Jumapili zako zote sasa ziwe zako.