Mama Priscille na Jembe la Siku ya Tatu

Leo, tarehe 30, baada ya miaka ishirini na saba, Mama Priscille Kyakimwa anavua aproni yake katika kituo chetu cha afya ya akili, hapa Kabondo. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alikuja kama mpishi. Mwaka wa pili alichoka kuwaona wagonjwa wameegemea ukuta toka asubuhi, akawawekea mbele yao beseni la mihogo. Ndivyo tulivyoanza kutengeneza kwanga, mkate wa mihogo: kuloweka, kutwanga, kufunga katika majani. Sokoni watu walikataa kula kilichofungwa na wagonjwa wetu. Mama akaketi katikati ya wauzaji, akala kwanga tatu kavukavu, bila samaki wala maji, huku akiwakodolea macho. Ya nne ilinunuliwa, nadhani kwa huruma.

Lazima nimtaje Fortunée, mgonjwa wetu ambaye hakuna aliyemshinda kwa kufunga kwanga. Alipopata nafuu, karatasi ya kurudi nyumbani niliiandika mimi, muuguzi: apumzike. Familia yake ilimpenda, ikatii. Wakamwondolea mchi, ufagio, hata mtoto wa kubeba. Mwezi wa tatu baada ya kurudi, alishuka peke yake mtoni Tshopo. Tulimzika Jumamosi.

Mama hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Alisema tu: "Papa Évariste, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fortunée walimufanya mugeni kwao."

Toka hapo, kila anayetoka kituoni Mama humsindikiza kwao kwa toleka, baiskeli za abiria, mbili zikifuatana, wala haondoki mpaka familia imtajie mtu huyo kazi yake: kuchota maji, kuchambua majani ya pondu, lolote. Siku ya tatu hurudi kuhakikisha. Wapo waliougua tena, sifichi. Lakini hatujamzika mwingine kwa sababu ya karatasi yangu.

Sasa watoto wake wameandika kutoka Butembo: mama umechoka, njoo ukae tu. Barua ya kustaafu nayo inasema aende apumzike. Nilipolisoma neno hilo, nilishikwa na hofu.

Asante, Mama, kwa wote uliowarudishia kazi zao. Wengine watakutakia mapumziko mema. Mimi neno hilo siliandiki tena. Tunakutakia maisha mema yenye shughuli. Mihogo tumeiloweka asubuhi hii, na siku ya tatu itakuwa imelainika. Mchi wako hatujampa mtu.

Évariste Assumani, muuguzi