Maua ya Ukutani

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta ulioota maua ya pinki, ambayo hakuna aliyeyajali hadi asubuhi hiyo. Sindano, fundi cherehani, alikuja na habari: muuguzi kamwambia dada yake Sindano, mgonjwa wa saratani, kwamba mojawapo ya dawa zake za dripu asili yake ni maua kama hayo. Basi Sindano hakuuliza zaidi. Alfajiri alikuwa amechuma rundo zima, akachemsha, akamwachia dada sufuria jikoni. Dripu ya siku hiyo wakaipiga chini, na mwenyewe akajiona kawapiga bao madaktari.

— Haya tunayomwagia machicha ya kahawa? Breki, dereva wa bodaboda, aliruka kutoka benchini.

— Hayo hayo!

— Wallahi tumekalia hospitali!

— Ndiyo maana mimi siumwi, alisema Kipaza, fundi simu. Harufu yake tu inatosha.

— Juzi si ulilazwa?

— Ile malaria. Malaria haina pua.

Profesa, asiyekosa gazeti, alishusha sauti.

— Madaktari huja kuyachuma usiku. Mnadhani mbwa wa hapa hubweka bure?

— Mpe kwa wingi, Sindano! Haba na haba hujaza kibaba, alidakia Breki.

— Tena maji kidogo, akakazia Profesa. Wahenga walisema, mkamia maji hayanywi.

Sindano alicheka, moyo mweupe. Mama mmoja aliyefuata gauni lake, lililoning'inia begani mwa Sindano, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahanini, kaka zangu. Anatakiwa anywe kiasi gani?

Profesa alijificha nyuma ya gazeti.

— Nauliza tu. Mama mkwe wangu aliugua hiyo saratani; walikuwa wanampima uzito kwanza, ndipo wamtundikie dripu. Walisema ikizidi ni sumu.

Sindano akampigia dada simu, akaweka spika.

— Dada, ile dawa…

— Chungu hiyo, mdogo wangu! Sauti ya dada ilikuwa inakwama. Nimetapika, nikanywa tena. Hukusema kiasi gani, basi nimemaliza sufuria.

Kikombe cha Kipaza kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

— Panda! Breki alikwishawasha pikipiki.

Sindano alipanda na gauni la mama wa watu begani, simu sikioni, akilia bila aibu mbele ya kijiwe kizima.

— Usilale, dada! Nakuja kukupeleka hospitali. Usilale!