Usukani wa Mzee Zubairi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Zubairi Masaba, mkulima wa Mbale, aliyezikwa Ijumaa iliyopita huko Malukhu. Zubairi Masaba, mtu wa trekta. Na tuseme kweli, maana hakupenda kusifiwa bure: alikuwa mtu wa kushuku.

Mwaka wa themanini, vita vimetoka kuisha, alifunga safari hadi Jinja, mtaa wa Walukuba, kununua trekta kuukuu. Muuzaji, Mutwalibu, alikuwa amelificha nyuma ya nyumba chini ya majani makavu ya miwa. Zubairi alilizunguka mara saba. Alinusa hata tangi.

"Karatasi zake ziko wapi?"

"Bwana, vita ilikula karatasi. Wewe unataka kulima ama unataka kusoma?"

Alinunua, lakini roho haikutulia. Njia nzima hadi Mbale, kila kizuizi cha askari alikiona ndio mwisho wake. "Afande, hii ni bovu tu," alisema, huku trekta linanguruma.

Petroli ilikuwa adimu. Akalitengeneza liwake kwa petroli kidogo, kisha litembelee mafuta ya taa. Halafu akakata mhimili wa usukani, akatia pini. Usukani ukawa unachomoka. Unachomoka, wasikilizaji! Kila alikokwenda, alikwenda nao. Hata msikitini aliuweka mbele ya magoti yake. Mkewe, Mama Hajarah, hakuruhusiwa kuugusa. Jirani yao Mafabi, dereva wa zamani, alishukiwa kuliko wote, kwa kosa la kuuliza trekta linakula mafuta kiasi gani.

Mwaka wa themanini na tano, bunduki zikalia tena, na magari yakatoweka barabarani. Zubairi alikuwa Jinja kutafuta diski za jembe la trekta, usukani umo ndani ya gunia lake. Asubuhi moja binti yao Nambozo, wa miaka sita, akashikwa na degedege. Kutoka shambani hadi hospitali ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Trekta lipo uani. Tangi limejaa. Dereva Mafabi amesimama hapo hapo. Usukani hakuna.

Mafabi alimbeba mtoto mgongoni.

"Tulipofika Nabuyonga," anasema Mama Hajarah, "niliona Mafabi amepunguza mwendo. Alijua. Hakuniambia mpaka langoni mwa hospitali."

Zubairi alirudi akakuta kaburi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kisha akauchomelea usukani mahali pake, akamwita Mafabi, akamwita na mkewe.

"Hakuwahi kuniambia nisamehe," anasema Mama Hajarah. "Alisema, 'Panda, Mama Nambozo, nikufundishe.' Nikapanda. Nililia, nikaendesha."

Mama Hajarah, nawe Mzee Mafabi, poleni sana. Mola amrehemu Zubairi. Nasi tulio hai, tujiulize kabla jua halijazama: ni nani nyumbani kwako asiyejua ufunguo unakaa wapi? Mwonyeshe leo.