Profesa Aliyekataa Kuhama Ofisi

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, Profesa wetu wa masuala ya uhamiaji anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika idara hii. Nimeombwa niandike wasifu mfupi na wa kupendeza. Mfupi nitajaribu. Wa kupendeza ni kazi, maana nimekuwa jirani yake ukuta kwa ukuta miaka mingi, na jirani huyu amenichosha.

Alianza kama mhadhiri msaidizi, akapanda hadi uprofesa bila kumfanyia mtu fitina. Utafiti wake ulihusu watu wanaovuka mipaka kutafuta riziki, na sheria zinazowapokea au kuwafukuza. Watafiti wengine humhoji mtu mara moja wakaandika kitabu. Yeye aliwahoji walewale tena na tena, kila baada ya miaka michache: kazi bado ipo? Kibali kimeisha? Watoto wanaota kwa lugha gani? Na kwa kuwa watu hao walibadilisha nchi, nyumba na namba za simu kila kukicha, aliwapa wote agizo moja: mkinipoteza, njooni ofisini. Kwa hiyo ofisi haikuweza kubadilika. Mhamaji ahame, alisema, mtafiti akae.

Ndiyo maana tukamwita Kigingi. Alitengewa chumba cha juu chenye kiyoyozi, akakataa. Dari ilipoanza kuvuja, aliweka ndoo akaendelea na mahojiano. Mafundi walipokuja kubomoa ukuta, waliwakuta wageni wamejaa kwenye benchi, naye akawaomba wagonge nyundo taratibu. Mkuu wa idara wa wakati ule alikwenda mwenyewe kumwamuru ahame. Alirudi mpole kama maji mtungini, ameahidi kumtafutia benchi la pili.

Aliyelipa gharama ya ukaidi huo ni mimi. Mimi ni mtu wa takwimu, nataka utulivu. Lakini wageni wake walikosea mlango kila mara: mtu na sanduku lake, mtoto mgongoni, anauliza kama yule mama yupo. Nilibandika tangazo mlangoni, SIYE MIMI, MLANGO UNAOFUATA, wakaligonga hilohilo tangazo. Mumewe, fundi saa, alikuja jioni kumchukua, akaishia kuwachemshia wageni chai kwa birika langu.

Kilele cha kazi yake kilikuwa kamati ya kurekebisha sera ya uhamiaji. Nilikuwa katibu, Mungu anisamehe. Rasimu ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba aliyeingia nchini kwa kibali cha mwenzi wake apoteze haki ya kuendelea kuishi humo mwenzi huyo akifa. Tulikuwa hoi, tunataka kusaini turudi makwetu. Kigingi hakusaini. Wala hakupiga kelele. Alitusimulia tu habari za mama mmoja aliyeambiwa afungashe kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kesho yake akatusimulia za mama mwingine. Keshokutwa, mwingine. Likizo yangu yote iliteketea kwenye kamati ile. Kifungu kiliondolewa, na leo wapo wajane wanaolala kwenye nyumba zao kwa sababu mtu mmoja alikuwa king'ang'anizi. Najivunia kwamba nilikuwepo, na kinyongo cha likizo bado ninacho.

Sasa anastaafu na kutuachia msala. Hakuna wa kurithi utafiti wake, na wakubwa walikwisha kuamua ofisi ile iwekwe mashine ya fotokopi. Aliniuliza mara moja tu, kwa upole ule unaoudhi, kama ningehamia pale ili watu wake wasikute mlango umefungwa. Nilikataa. Ofisi yangu ilikuwa na dirisha zuri, nami si mtu wa watu; takwimu hazibishi hodi.

Juma lililopita, Profesa akiwa amekwenda kukabidhi vifaa, niligongewa mlango. Alikuwa mwanamke mwenye vumbi la safari. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa waliohojiwa, na amefia ugenini. Hakuja kuomba chochote. Alikuja kuleta taarifa ya msiba, kwa kuwa marehemu alimsisitizia kwamba kuna mtu hapa atakayemuulizia, asiachwe akingoja. Nikampa pole. Kisha akauliza, kama anayeona aibu, iwapo naye anaweza kurudi siku nyingine aulizwe habari zake. Nikamwambia arudi, atamkuta mtu. Maneno yalinitoka kabla sijayapima, na neno likishatoka halirudi.

Basi nimehamia. Mashine ya fotokopi inafaidi dirisha langu. Dari bado inavuja, nimenuna, na atakayeniita Kigingi Mdogo tutakosana.

Profesa, asante kwa ukaidi wako wote, hata ule uliotunyima usingizi. Tunakuombea wewe na mzee wako afya tele na siku zisizo na haraka. Sasa ni zamu yako kuhama: nenda ukawatembelee watu wako huko waliko, wao wakuulize wewe habari zako. Na siku ukitukumbuka, njoo ubishe hodi. Mimi nipo, sihami.